Toufann ya Dev Virahsawmy: Lugha ya Kalibann na Kiti cha Ufalme katika Kisiwa cha Morisi

1. Utangulizi

Neno "tufani" limefanya safari ndefu katika Bahari ya Hindi. Kutoka Kiarabu liliingia katika Kiswahili cha pwani. Kwa njia ya Kiajemi likaenea katika lugha za Bara Hindi. Na kutoka huko, vinywani mwa vibarua waliochukuliwa kwenda kulima miwa katika karne ya 19, likateremka kisiwani Morisi. Mwaka 1969 S. S. Mushi alilitumia kuwa jina la tafsiri yake ya Kiswahili ya The Tempest ya Shakespeare, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mjini Dar es Salaam. Mwaka 1991 Dev Virahsawmy akalitumia tena kwa tamthilia yake Toufann, iliyoandikwa katika Krioli ya Morisi, ambayo ni utungaji mpya uliojengwa juu ya mchezo ule ule wa Shakespeare. Waandishi hao wawili, mmoja wa bara na mwingine wa kisiwa, walikutana katika neno moja ambalo kila mmoja alilichukua kutoka ghala la lugha yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1969 Aimé Césaire wa Martinique alitoa Une tempête, ambayo wasomaji wengi wa Kongo waliisoma shuleni au chuoni kwa Kifaransa. Humo neno la kwanza la Caliban ni neno la Kiswahili: uhuru. Basi Kiswahili kimeihudumia hadithi hii mara mbili, mara ya kwanza kama lugha ya tafsiri na mara ya pili kama kilio cha mtumwa wa visiwa vya Karibi. Hata hivyo Toufann haijulikani sana katika vyuo vya Kongo, na sababu iko wazi: imeandikwa katika lugha ambayo haifundishwi huku, na inatoka katika nchi ndogo ambayo watu huitaja kwa sukari na fukwe zake.

Makala hii inakusudia kuitazama tamthilia hiyo katika lugha yake, wahusika wake na msimamo wake. Hoja itakayotetewa ni kwamba Virahsawmy amefaulu kuipandisha lugha iliyodharauliwa hadi kwenye jukwaa la wafalme, lakini alipofika mbele ya swali la madaraka alimbadilisha mtawala na kukiacha kiti mahali pake.

2. Kisiwa na mwandishi wake

Morisi haikuwa na wenyeji wa asili walioshindwa vitani. Waholanzi walitua mwaka 1598, wakakipa kisiwa jina la kiongozi wao Maurits, wakajaribu kuishi huko tangu 1638, kisha wakaondoka kabisa mwaka 1710. Wafaransa wakakitwaa mwaka 1715 na kukiita Isle de France. Waingereza wakakiteka mwaka 1810, na Mkataba wa Paris wa 1814 ukathibitisha utawala wao. Lakini sheria za kiraia za Kifaransa, Kanisa Katoliki na lugha ya Kifaransa viliachwa vibaki. Ndiyo maana hata leo mahakama na bunge hutumia Kiingereza, magazeti makubwa huandikwa kwa Kifaransa, na barabarani watu huzungumza Krioli.

Waliojaza kisiwa hicho ni watu walioletwa. Watumwa walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Msomaji wa Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa hivyo. Pwani ya Waswahili, kwa hiyo, imo katika historia ya Morisi kwa upande wa waliouzwa na kwa upande wa waliouza. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1835. Mwaka mmoja kabla, mwezi Novemba 1834, vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi walikuwa wameanza kuteremka Port Louis, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamefika karibu nusu milioni. Wachina wafanyabiashara nao wakafuata. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Machi 1968, miezi michache baada ya ghasia za umwagaji damu kati ya jamii mbili za mji mkuu, na nchi ikawa jamhuri tarehe 12 Machi 1992.

Dev Virahsawmy alizaliwa mwaka 1942 katika ukoo wenye asili ya Telugu na kufariki mwaka 2023. Alisomea isimu Edinburgh. Mwaka 1967, kabla ya bendera mpya kupandishwa, alipendekeza kwamba Krioli ya nchi yake iitwe Morisien, yaani lugha ya Wamorisi wote, badala ya jina linaloifunga kwa kabila moja. Mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MMM, mwaka 1970 akachaguliwa mbunge, na baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1971 akatiwa gerezani pamoja na viongozi wengine wa chama. Tamthilia yake Li ilipata tuzo ya Radio France Internationale mwaka 1981. Mwaka huo huo alitoa Zeneral Makbef, ambamo Macbeth amekuwa jenerali wa mapinduzi. Toufann, basi, haikuwa mara yake ya kwanza kumwita Shakespeare kisiwani.

3. Muhtasari wa tamthilia

Prospero wa Virahsawmy si mchawi wa vitabu na fimbo. Ni bwana wa mitambo: anatawala kisiwa chake kwa kompyuta, na kwa kompyuta hizo anaizusha tufani inayowatupa mikononi mwake watu waliomnyang'anya kiti chake miaka mingi iliyopita. Ndani ya chombo kilichopatwa na dhoruba wamo Mfalme Lir, mwanawe Ferdjinan, na wengine wenye majina yaliyookotwa katika michezo mingine ya Shakespeare: Poloniouss, Edmon, Yago. Binti ya Prospero naye haitwi Miranda, anaitwa Kordelia. Walevi wawili, Kaspalto na Dammarro, wanashika nafasi ya Stephano na Trinculo. Jina la kwanza linakumbusha mvinyo wa bei rahisi wa vilabuni, na la pili wimbo wa sinema ya Kihindi uliohusishwa na bangi.

Aryel ni mashine yenye umbo la mtu, nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu, iliyoundwa na Prospero mwenyewe. Kalibann ni chotara, mwana wa Bangoya, mwanamke mtumwa, na baba yake ni haramia mzungu. Yeye ndiye fundi hodari anayeiwezesha mitambo ya Prospero kufanya kazi. Mpango wa Prospero ni kumwoza Kordelia kwa Ferdjinan ili kiti kirudi katika nyumba yake. Mpango huo unavunjika. Ferdjinan hana haja ya mke, na moyo wake unavutwa na Aryel. Kordelia amempenda Kalibann na ana mimba yake. Mwishowe Kalibann ndiye anayetawazwa mfalme.

4. Lugha: kutoka "kilugha" hadi jukwaani

Mwaka 1880 Charles Baissac alichapisha uchunguzi wa sarufi ya Krioli ya Morisi. Ulikuwa uchunguzi wa makini kwa wakati wake, lakini katika jina la kitabu aliiita "patois", yaani kilugha kisichotimia. Fikra hiyo iliishi muda mrefu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya msamiati wa Krioli imetoka Kifaransa, aliyejua Kifaransa aliisikia kama Kifaransa kilichovunjika.

Mwanaisimu huona jambo jingine. Katika Krioli ya Morisi kibainishi cha Kifaransa kimegandamana na nomino na kuwa sehemu ya neno: nyumba ni lakaz, moto ni dife, maji ni dilo, ndege ni zwazo. Anayesema lakaz hasikii tena kibainishi cha Kifaransa ndani yake. Kiswahili kimefanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa upande wa pili: neno la Kiarabu kitab lilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na kwa hiyo wingi wa kitabu ukawa vitabu. Hakuna anayesema leo kwamba vitabu ni Kiarabu kilichovunjika. Vivyo hivyo katika kitenzi. Mo manze ni "ninakula" kwa desturi, mo ti manze ni wakati uliopita, mo pe manze ni tendo linaloendelea, mo finn manze ni tendo lililotimia, na mo pou manze ni wakati ujao. Mfumo huo umekamilika na una mantiki yake. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea -li-, -na-, -me- na -ta-, huuelewa upesi kuliko Mfaransa.

Umuhimu wa Toufann katika suala hili haupo tu katika kuandikwa kwa Krioli. Katika mchezo wa Shakespeare, Caliban amefundishwa lugha na mabwana zake, na faida anayoiona ni kuweza kuwalaani. Césaire alilichukua jeraha hilo na kulifanya kuwa kiini cha maasi yake. Virahsawmy amelifuta. Katika Toufann hakuna aliyemfundisha Kalibann kusema, kwa sababu Prospero, Lir, Kordelia na walevi wote husema lugha moja, nayo ni lugha ya Kalibann. Mfalme hahitaji mkalimani wala mtumwa hahitaji kupanda ngazi. Jambo hilo halitangazwi na mhusika yeyote; mtazamaji wa Rose-Hill au Port Louis hulisikia tu kwa masikio yake tangu pazia linapofunguliwa. Hapo ndipo penye nguvu kubwa ya tamthilia hii.

Wapo wanaouliza: kwa nini Shakespeare? Je, lugha ya watumwa na vibarua inahitaji baraka za mshairi wa malkia wa Uingereza ili ihesabiwe kuwa lugha? Swali hilo lina uzito, na limewahi kuulizwa pia juu ya Julius Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Lakini kwa Morisi jibu lina upande usioonekana haraka. Kipimo kinachoionea Krioli si Kiingereza, ni Kifaransa. Krioli ikiwekwa kando ya Racine au Hugo, kila neno litalinganishwa na asili yake na kuonekana limepungukiwa. Ikiwekwa kando ya Shakespeare, ulinganisho huo hauwezekani, na Krioli inalazimika kujibu kwa rasilimali zake yenyewe. Virahsawmy amemtumia mkoloni mmoja kuikwepa hukumu ya mwingine.

Uteuzi wa jina unathibitisha mkakati huo. Angeweza kuchukua neno lililotokana na Kifaransa, kwani Krioli inalo siklonn, na kila Mmorisi anajua maana ya siklonn. Alichagua toufann, neno la upande wa Wahindi, akaliweka mlangoni mwa tamthilia ambayo shujaa wake ni mwana wa mtumwa wa Kiafrika. Katika nchi ambamo watu wa asili ya Kihindi na watu wa asili ya Kiafrika wametenganishwa na siasa, jina hilo ni hoja tosha.

5. Kalibann na jamii ya nne

Ili kuelewa ujasiri wa kumtawaza Kalibann, inafaa kufungua Katiba ya Morisi. Katika mfumo wa uchaguzi uliowekwa wakati wa uhuru, viti 8 vya ziada hugawiwa ili kusawazisha uwakilishi wa jamii, na kwa ajili hiyo Katiba inatambua jamii nne: Wahindu, Waislamu, Wamorisi wa asili ya Kichina, na "Wananchi kwa Jumla". Jamii hiyo ya nne haina sifa yake. Ni ya kila mtu ambaye, kwa namna ya maisha yake, haonekani kuwa wa mojawapo ya zile tatu. Weupe wenye mashamba ya miwa na wajukuu wa watumwa wamo humo pamoja. Sensa ya mwisho kuuliza jamii ya mtu ilikuwa ya 1972, na hesabu za miaka hiyo ziliendelea kutumika kugawa viti kwa miongo mingi. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba kumlazimisha mgombea kujitaja jamii yake kunavunja haki zake, na mwaka 2014 sheria ikarekebishwa kwa muda kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka huo.

Kalibann ni mtu wa jamii hiyo ya "wasio wengine". Baba yake ni wa bahari na mama yake ni wa minyororo. Prospero humtaja kwa jina la dharau la mtoto wa nje ya ndoa. Virahsawmy anamchukua mtu ambaye sheria humtambua kwa kile asichokuwa, na kumfanya awe ndiye pekee anayejua jinsi kisiwa kinavyofanya kazi. Ustadi wake ndio unaoendesha mitambo. Bila yeye tufani isingevuma. Kwa njia hiyo mwandishi anasema kwamba uchotara si pengo kati ya jamii, bali ni ardhi yenyewe ambayo taifa linaweza kusimama juu yake. Aryel, mwenye sura ya Mzungu kamili, ni kitu kilichotengenezwa. Kalibann, aliyechanganyika, ni mtu. Mgeuzo huo una kejeli kali, na umefanywa bila hotuba.

6. Kufaulu na kutofaulu

Kwa upande wa fani, tamthilia inafaulu katika wepesi wake. Wahusika waliotoka michezo mbalimbali ya Shakespeare wamekutanishwa bila mwandishi kuwaomba radhi watazamaji, na ucheshi wa majina unawafikia hata wasiowahi kusoma Shakespeare. Iliigizwa Morisi mwaka 1995, na mwaka 1999 ikaonyeshwa London kwa tafsiri ya Kiingereza ya Nisha na Michael Walling. Kwamba mchezo wa Krioli ulirudi nyumbani kwa Shakespeare ukiwa ndio unaotafsiriwa ni ushindi usiohitaji maelezo.

Lakini mhakiki hawezi kunyamazia mambo matatu.

Kwanza, njia ya Kalibann ya kufikia kiti inapita katika tumbo la Kordelia. Fundi aliyeshika mitambo yote ya kisiwa hatawali kwa sababu ya kazi yake. Anatawala kwa sababu amempata binti wa mfalme. Kordelia amepewa uhuru wa kupenda, na huo si mdogo, lakini sauti yake inaishia pale mtoto anapotangazwa. Naye Bangoya, mama mtumwa ambaye bila yeye hadithi isingekuwapo, anabaki jina na kumbukumbu. Historia ya kisiwa ilianza na watu walionunuliwa Kilwa na Msumbiji. Jukwaani historia hiyo haina mwili.

Pili, Kaspalto na Dammarro ni watu wa kuchekwa tu. Ni kweli kwamba mlevi ni mhusika wa zamani katika ucheshi wa ulimwengu wote. Lakini kwa mwandishi aliyekaa gerezani kwa ajili ya siasa ya wafanyakazi, kuwaacha maskini wawe walevi na wavuta bangi peke yao ni jambo linalodai maelezo. Huenda maelezo yamo katika miaka ya kabla ya mchezo. Mwaka 1982 MMM na washirika wake walishinda viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, na mwaka 1983 serikali hiyo ikavunjika. Aliyeona ushindi mkubwa namna hiyo ukipotea kwa muda wa miezi tisa anaweza kuwa amepoteza imani katika umati na kuitia katika fundi mmoja mwerevu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ufalme unabaki. Prospero anaondoka, Lir anaondoka, mitambo haivunjwi, na kiti kinapata mwenyewe mpya. Wakati Toufann inatolewa mwaka 1991, nchi ilikuwa inakaribia kuwa jamhuri; mchezo wake mkubwa ukamalizika kwa kutawazwa. Mtu anaweza kusema kwamba ni hadithi tu, na hadithi huisha kwa harusi na taji. Hata hivyo mwandishi aliyethubutu kubadilisha lugha ya wafalme, jina la binti na rangi ya Aryel, asingeshindwa kukibadilisha kiti kama angetaka.

7. Hitimisho

Kwa wanafunzi wa Kiswahili katika Kongo, Toufann inagusa mahali panapouma. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006, lakini Kiswahili kinachozungumzwa Lubumbashi, Kolwezi au Likasi bado hupimwa kwa kile cha Unguja na kuonekana kimevunjika, kama Krioli ilivyopimwa kwa Kifaransa. Na jukwaa lipo tangu zamani. Kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya umati, redioni na katika televisheni, bila matini iliyoandikwa. Mchezo wao mmoja, uliotokana na methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, Johannes Fabian aliunasa mwaka 1986 na kuuchapisha mwaka 1990 pamoja na maneno ya waigizaji.

Ulinganisho huo unamsahihisha Virahsawmy katika jambo moja na kumtetea katika jingine. Waigizaji wa Lubumbashi walijua kwamba swali la kwanza juu ya mtawala ni jinsi anavyokula madaraka, wala si mtoto wa nani. Swali hilo Toufann haikulifikisha mwisho. Lakini Virahsawmy aliandika. Aliichagulia lugha yake tahajia, akachapisha, akatafsiri, akagombana na wenye shaka, na mwaka 2012 Krioli ya Morisi ikaingia katika shule za msingi kama somo la hiari. Michezo mingi ya Mufwankolo imebaki katika kumbukumbu za waliohudhuria na katika kanda zinazochakaa. Kuinasa, kuiandika kwa tahajia inayoheshimu matamshi yake, na kuihakiki kwa ukali ule ule unaostahiliwa na Shakespeare ni kazi ambayo idara za Kiswahili za Kongo zinao watu wa kuifanya, na waliosikia michezo hiyo ukumbini hawapungui kwa sababu nyingine ila umri.